Acheni Kuniambia Godzilla ni "Muvi Tu"

Sawa wasee, tukae chini tuongee.

Wiki iliyopita niliweka video ya sekunde tisini nikisema jambo moja rahisi: Godzilla ni muvi ya kisiasa, na ukiitoa siasa hiyo unabaki na mjusi wa mpira. Nilidhani hilo kila mtu analijua. Weh! Nilichomwa kwa komenti mpaka simu ikapata joto. "Buda, ni mnyama mkubwa anavunja maghorofa, tulia." "Nyinyi watu mnaleta siasa hata kwa katuni." Na ile iliyopata mioyo mingi kuliko video yenyewe: "Mtu aliyeacha chuo ati anatufunza historia. Kenya ni nchi ya maajabu."

Ndiyo, niliacha chuo mwaka wa pili. Sina digrii, sina lile joho, sina picha ya mathe akilia kwa furaha nje ya ukumbi. Lakini kuhesabu miezi kwa vidole hakuhitaji digrii. Basi hesabu na mimi.

Tarehe 1 Machi 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika Visiwa vya Marshall, Bahari ya Pasifiki. Jaribio hilo liliitwa Castle Bravo. Wanasayansi walitarajia nguvu ya kama megatoni 6. Ikatoka 15. Hiyo ni karibu mara elfu moja ya bomu lililoangushwa Hiroshima. Yaani watu wenye digrii zote za dunia walikosea hesabu, na waliolipia kosa hilo hawakuwa kwenye chumba cha hesabu.

Waliolipa ni watu wa Rongelap, visiwa vya jirani. Majivu meupe yaliwanyeshea, na watoto wakayachezea kwa sababu hakuna aliyewaambia ni nini. Walikuja kuhamishwa siku mbili baadaye. Waliolipa pia ni wavuvi 23 Wajapani waliokuwa ndani ya meli ya kuvua jodari inayoitwa Daigo Fukuryu Maru, jina linalomaanisha Joka la Bahati Nambari Tano. Bahati gani sasa. Walikuwa nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Waliona mwanga kama wa jua likichomoza, ila ulikuwa unatokea magharibi. Saa chache baadaye majivu yakaanza kuwaangukia kichwani, nao wakiwa bado wanavuta nyuzi zao kutoka majini. Walipofika nyumbani, bandari ya Yaizu, karibu wiki mbili baadaye, ngozi zao zilikuwa zimeungua na nywele zinang'oka. Mwendesha redio wao, Aikichi Kuboyama, alifariki tarehe 23 Septemba mwaka huohuo.

Tarehe 3 Novemba 1954, Godzilla ikaingia kwenye majumba ya sinema Japani.

Miezi minane tangu bomu. Wiki sita tangu Kuboyama akate roho. Na unajua muvi inaanzaje? Haianzi na mnyama. Inaanza na mabaharia wamepumzika kwenye meli, mmoja anapiga gitaa, wanapiga stori. Ghafla bahari inawaka mwanga mkali. Meli inashika moto. Na mtu tunayemwona akihangaika ndani, akipiga simu ya upepo kuomba msaada, ni mwendesha redio. Hakuna Mjapani aliyekaa kwenye kile kiti akajiuliza hii stori ni ya nani. Walijua kabla hata ya kumaliza kukaa.

Kwa hivyo unaponiambia mimi ndiye "naleta" siasa kwa Godzilla, buda, nilete kutoka wapi? Nimeikuta ndani.

Wacha niseme ukweli, mimi pia nilikuwa upande wenu. Godzilla wa kwanza niliyemwona ni ile ya 1998, kwenye kibanda cha video cha mabati pale Kayole, shilingi kumi kwa muvi moja, kumi na tano kama ziko mbili. DJ alikuwa anatafsiri juu kwa juu, na kwa stori yake yule mnyama alikuwa mzee wa nyumba aliyekuja New York kudai kodi ya miezi mitatu. Tulicheka mpaka tukaanguka kwenye mabenchi. Nilitoka pale nikijua jambo moja kuhusu Godzilla: ni mkubwa.

Ile ya 1954 niliiona nikiwa nimeshaacha chuo, naishi chumba kimoja, na sikuiona peke yangu. Mjomba wangu wa upande wa mama, ambaye ni mvuvi huko Kilifi, alikuwa amekuja Nairobi kutibiwa macho. Amelala kitandani kwangu, mimi niko kwenye godoro chini. Macho yake yametiwa dawa, picha anaziona kwa ukungu, na maandishi ya chini hayaoni kabisa. Kwa hivyo nikafanya kitu nilichojifunza Kayole. Nikawa DJ. Wanaongea Kijapani, mimi nasoma, namtafsiria Mjomba.

Nilitarajia tucheke. Ni muvi ya nyeusi na nyeupe, na mnyama ni mtu ndani ya suti. Lakini kuna mahali watu wamekaa kwenye treni, wafanyakazi wa kawaida tu wakitoka kazini, na mwanamke mmoja analalamika kuhusu jodari wenye sumu ya atomiki na mvua yenye mionzi, na sasa juu yake huyu Godzilla. Anasema yeye aliponea chupuchupu Nagasaki. Analisema kama vile sisi tunavyolalamika kwamba nauli imepanda.

Mjomba akainua mkono. "Hebu rudisha hapo. Samaki wamefanyaje?"

"Wameingiwa na sumu ya bomu, Mjomba."

"Hiyo ni ya filamu, ama ilitokea?"

"Ilitokea."

Nikasimamisha muvi nikamweleza. Joka la Bahati lilirudi na samaki wake, na baadhi wakauzwa kabla watu hawajajua. Kisha bandarini wakaanza kupima jodari na mashine ya mionzi, mmoja mmoja, na waliopatikana na sumu wakatupwa. Wale wa meli ile waliofika soko kubwa la Tsukiji, Tokyo, walichimbiwa shimo palepale wakafukiwa. Watu wakaogopa samaki. Wavuvi ambao hawakuwa hata karibu na Bikini wakakosa wa kumuuzia.

Mjomba alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimevua miaka arobaini. Samaki nimemla, nimemuuza, nimempa jirani, nimemtupa akioza. Sijawahi kumzika."

Hakusema kitu tena mpaka mwisho. Tokyo iliteketea yote, yeye kimya. Muvi ilipoisha ndipo akasema, "Huyo mnyama si neno. Mnyama utamkimbia. Sasa bahari ikikataliwa, wewe utakimbilia wapi?"

Na mimi niliyekuwa na wafuasi elfu sita nikijiita mchambuzi wa filamu, sikuwa na la kuongeza.

Baada ya usiku huo niliirudia muvi mara tatu, na kila mara nilipata kitu ambacho "muvi tu" haina shughuli nacho. Kuna kikao cha bunge. Profesa Yamane anaeleza kwamba mnyama huyu ametolewa kwenye maficho yake na majaribio ya bomu la haidrojeni. Mheshimiwa mmoja anasimama kusema habari hiyo isitangazwe, eti itaharibu uhusiano na nchi nyingine na kuleta taharuki. Mwanamke anamrukia: ukweli ni ukweli, utangazwe! Kikao kinageuka kelele. Niambie hujawahi kuona kikao kama hicho. Kila nchi ina huyo mheshimiwa. Kila mahali kuna mtu ambaye shida yake na moto si moto wenyewe, ni kwamba watu watauona.

Na kumbuka Japani ilikuwa imetoka tu chini ya ukaliaji wa Marekani, ulioisha 1952. Katika miaka hiyo, habari na picha za Hiroshima na Nagasaki zilibanwa. Watu walikuwa wamebeba kitu kifuani na hawana pa kukitua. Baada ya habari za Joka la Bahati, akina mama wa mtaa wa Suginami, Tokyo, walianza kukusanya sahihi kupinga mabomu ya haidrojeni. Kufikia Agosti 1955 sahihi nchini zilikuwa zimepita milioni 30, karibu theluthi moja ya Wajapani wote. Hao ndio waliokuwa kwenye foleni ya tiketi. Mwongozaji, Ishiro Honda, alikuwa mwanajeshi aliyerudi kutoka China vita vilipoisha, akapita Hiroshima na kuiona kwa macho yake ikiwa majivu. Hebu nenda umwambie yeye kwamba ni mjusi mkubwa, atulie.

Kuna pia hospitali. Huu ni ukurasa ambao DJ wa Kayole asingeupatia kichekesho. Watu wamelazwa sakafuni, na mwanasayansi anamsogezea mtoto mdogo kifaa cha kupima mionzi. Kifaa kinalia. Anatikisa kichwa. Mtoto mwenyewe hana jeraha, amekaa tu anaangalia. Godzilla hakumkanyaga. Alipita tu.

Sasa tufike kwa Serizawa, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu inakaa.

Daktari Daisuke Serizawa ni mwanasayansi kijana aliyepoteza jicho moja vitani. Amegundua kitu kinachoweza kumuua Godzilla: kinaharibu oksijeni yote majini, na kila kilicho hai kinayeyuka. Lakini hataki kukitoa. Anajua wakubwa wakikiona mara moja, watakifanya silaha, kama walivyofanya na atomu. Mwishowe anakubali kukitumia mara moja tu. Anachoma karatasi zake zote za utafiti. Anashuka chini ya bahari na kifaa chake, na akishahakikisha mnyama amekufa, anakata kamba yake mwenyewe ili asipande tena. Siri ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, kichwani mwake, na akaamua kuzama nayo.

Yaani kuna mtu aliyekubali kufa ili silaha moja isiwepo duniani. Na hata hapo, Profesa Yamane anamaliza kwa onyo: majaribio yakiendelea, Godzilla mwingine atatokea mahali pengine.

Shikilia hapo. Sasa angalia Hollywood walichofanya.

Mwaka 1956 muvi ilifika Marekani ikiwa imefanyiwa upasuaji. Waliingiza mwigizaji wao, Raymond Burr, kama mwandishi wa habari Mmarekani anayetusimulia mambo ya Wajapani. Dakika 96 zikawa 80, na hizo 80 ni pamoja na za Burr. Mwanamke wa Nagasaki kwenye treni: nje. Onyo la Yamane: nje. Mwisho wa toleo hilo, Burr anatuambia dunia sasa inaweza kuamka na kuishi tena. Kazi imekwisha, nendeni nyumbani. Toleo la Kijapani lenyewe halikusambazwa kwa upana kwenye sinema za Marekani mpaka 2004. Miaka hamsini!

Mwaka 1998, ile yangu ya kibandani, kosa likawa la Wafaransa na majaribio yao Polynesia. Na ni kweli Ufaransa ililipua mabomu huko, na kabla ya hapo ikayalipua Sahara, Algeria, kuanzia Februari 1960, ardhi ya Afrika hii yetu. Wafaransa siwatetei. Lakini angalia ujanja: muvi ya Marekani kuhusu mnyama aliyezaliwa na bomu la Marekani, na Marekani yenyewe haimo kwenye orodha ya washtakiwa.

Mwaka 2014 ikawa mbaya zaidi. Katika stori hiyo, yale mabomu ya Pasifiki hayakuwa majaribio. Walikuwa wanajaribu kumuua Godzilla. Soma tena hiyo sentensi. Watu wa Rongelap, Kuboyama, samaki waliozikwa: yote sasa ina sababu nzuri. Ilibidi. Kulikuwa na mnyama.

Halafu 2019. Daktari Serizawa yupo tena, anaigizwa na Ken Watanabe. Jina lake la kwanza ni Ishiro, jina la Honda mwongozaji. Godzilla amejeruhiwa chini ya bahari. Serizawa anabeba kombora la nyuklia, analipeleka mpaka pale alipolala, na kulilipua kwa mkono wake, naye anakufa. Kwa nini? Ili Godzilla apate nguvu. Bomu la nyuklia limekuwa chaja.

Wamechukua jina la mtu aliyekufa ili silaha isitumike, wakaliunganisha na jina la mtu aliyeiona Hiroshima, wakampa kazi ya kulipua bomu. Na muziki mtamu wakaweka chini yake ili tulie.

Sasa niambie nani ameleta siasa. Kwa sababu kumtoa mwanamke wa Nagasaki kwenye treni ni siasa. Kugeuza jaribio kuwa kujilinda ni siasa. Kugeuza bomu kuwa dawa ni siasa, na ni ile ya ujanja kabisa, inayokuja na mahindi ya kukaanga. Tofauti yangu na wao ni moja tu: mimi nimesema waziwazi.

Najua mnachoandika sai kwenye komenti, kwa hivyo wacha niwasaidie.

"Lakini hata Wajapani wenyewe walimfanya Godzilla wa watoto." Kweli. Kufikia 1962 alikuwa anapigana mieleka na King Kong, na baadaye akawa shujaa anayeokoa dunia. Pesa ni pesa, hata Tokyo. Na Japani hiyohiyo iliyolia kuhusu atomu ilikuja kujenga vinu 54 vya nyuklia kabla ya Fukushima. Pia kuna watu wanaosema muvi hizi zinawaonyesha Wajapani kama waathiriwa tu, na kunyamazia waliyowafanyia watu wa China na Korea. Wana haki kusema hivyo. Hilo pengo lipo hata kwenye Godzilla Minus One ya 2023, na mimi naipenda sana muvi hiyo. Lakini pengo la shahidi halimfanyi shahidi kuwa mwongo. Alichokiona alikiona.

Na tukiwa hapo hapo: tarehe 10 Machi 2024, usiku wa tuzo za Oscar, Oppenheimer ilishinda filamu bora, na Minus One ikashinda madoido ya picha. Moja ni masaa matatu kuhusu jinsi aliyetengeneza bomu alivyojisikia, na Hiroshima yenyewe hatuoneshwi. Nyingine ina wingu la mlipuko juu ya Ginza na mvua nyeusi inayomwangukia mtu aliyepoteza aliyempenda. Mnakumbuka yule mzee wa fitina kwenye Oppenheimer, Lewis Strauss, aliyempa Robert Downey Jr. tuzo yake? Huyo ni mtu wa kweli. Mwaka 1954 ndiye aliyekuwa mkuu wa tume ya atomiki ya Marekani, na alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema lazima Joka la Bahati lilikuwa ndani ya eneo la hatari. Yaani kosa ni la wavuvi. Mwaka uliofuata Marekani ikatoa dola milioni 2, bila kukubali kwamba ina hatia yoyote kisheria. Shika hizi, na hatujakubali kitu.

"Sawa, lakini hayo ni mambo ya Wajapani na Wamarekani. Sisi tunaingiaje?"

Asante kwa kuuliza. Madini ya urani yaliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima, sehemu kubwa yalitoka Shinkolobwe. Shinkolobwe iko wapi? Katanga, Kongo, wakati huo ikiwa koloni la Ubelgiji. Mwaka 1940 zaidi ya tani elfu moja za madini hayo zilikuwa tayari zimepelekwa New York kwa meli. Na katika miji ya migodi ya Katanga, lugha ya wafanyakazi ilikuwa Kiswahili. Si kile cha Lamu wala cha Kayole, ni chao, lakini ni Kiswahili. Huenda mtu aliyepakia mawe yale kwa mikono alimsalimia mwenzake asubuhi hiyo "jambo", na jioni akarudi nyumbani bila kujua amebeba nini. Hakuna aliyemwambia. Tena ni stori ileile: aliyegusa ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua.

Kwa hivyo usiniambie huyu mnyama ni mgeni. Mifupa yake ilichimbwa na watu tunaosikilizana.

Na mwisho, nyumbani. Kenya inataka kinu chake cha kwanza cha nyuklia. Mpango ulikuwa Uyombo, Kilifi. Wakazi wakapinga, Mei 2024 wakaandamana na kukabiliwa na polisi, na baadaye mazungumzo yakahamia Siaya, kando ya ziwa. Kabla hamjanirukia: kinu cha umeme si bomu. Najua. Umeme tunauhitaji, mimi ninayehariri video wakati stima zinapotea naujua uchungu huo kuliko wengi. Na wapo watu wenye akili timamu wanaosema nyuklia ni bora kuliko makaa ya mawe. Tuwasikilize.

Lakini mwaka 2016 Wajapani walitoa muvi inayoitwa Shin Godzilla, na hiyo ni Fukushima ya 2011 ikiwa na miguu. Mnyama anapanda kutoka baharini, na serikali inafanya nini? Mikutano. Wanatoka chumba hiki wanaingia kile, wanatafuta sahihi ya nani, waziri anatangaza mnyama hatapanda nchi kavu, na kabla hajamaliza kusema ameshapanda. Mwishowe wanamgandisha kwa dawa inayomwagwa mdomoni na malori ya pampu, na anabaki amesimama katikati ya Tokyo. Hajaondoka. Kama vile vinu vya Fukushima, ambavyo hadi leo vinashughulikiwa. Agosti 2023 Japani ilipoanza kumwaga maji yaliyosafishwa ya Fukushima baharini, wakala wa kimataifa wa atomiki ulisema mpango umezingatia viwango vya usalama. Wavuvi wa huko walipinga hata hivyo, kwa sababu mnunuzi wa samaki hasomi ripoti. China ikafunga mlango kwa samaki wa Japani mwezi huohuo.

Samaki tena, miaka 69 baadaye.

Ndiyo maana nasema: mtu wa Kilifi au Siaya akiuliza swali kuhusu kinu, usimjibu kwamba haelewi sayansi. Castle Bravo ilikosewa na watu walioelewa sayansi. Anachouliza Mjomba si fizikia. Anauliza nani ataamua, nani ataambiwa ukweli na lini, na siku hesabu ikikosewa, nani atakuwa chini ya majivu. Maswali hayo yaulizwe kwanza, hadharani, kabla ya ramani kuchorwa na si baada ya polisi kufika. Na kama jibu ni "msiwe na wasiwasi", basi hilo si jibu. Ni yule mheshimiwa wa bungeni wa 1954, amebadilisha suti tu.

Kwa hivyo kazi ya wikendi hii: tafuta Godzilla ya 1954. Ya Kijapani, si ile ya Raymond Burr. Dakika 96, bando haitakufa. Ukiweza, iangalie na mtu mzima wa nyumbani, umsomee maandishi ya chini kwa sauti, uone ni wapi atakuambia urudishe.

Kisha rudi hapa. Na kama bado unataka kuniandikia "ni muvi tu", andika, komenti ziko wazi. Ila anza kwa kunieleza nimjibu vipi Mjomba kuhusu wale samaki.